Mdai Mlangoni: Mwongozo kwa Mwandishi wa Programu Asiyetaka Kusumbuliwa

Ukianza kazi ya kuandika programu za kompyuta utaambiwa mengi mazuri kuhusu mshahara, kahawa na kufanyia kazi nyumbani. Habari za mdai hutaambiwa. Utakutana naye mwenyewe, kwa kawaida saa tano usiku, ndani ya programu ya mtu aliyekwisha acha kazi, ukiwa umebonyeza kitufe kimoja tu. Programu itakatika ghafla, na kwenye skrini yatabaki mambo matatu: jina la faili, namba ya mstari, na sentensi fupi inayosema jambo fulani lilipaswa kuwa kweli na halikuwa. Hakuna samahani wala kitufe cha kuendelea.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuishi naye kwa amani. Nimeishi naye miaka kadhaa, njia zote za kumkwepa nimezijaribu, kwa hiyo unamsoma mtaalamu.

Kwenye lugha nyingi za kompyuta anaandikwa assert. Kwa Kiswahili wengine humwita tamko, wengine kauli. Mimi nimeshikilia dai, kwa sababu neno hilo lina sura mbili na zote zinafaa hapa. Kudai ni kusema kwa uhakika kwamba jambo liko hivi. Kudai pia ni kusimama mlangoni kwa mtu alfajiri ukitaka chako. Mstari wa dai hufanya yote mawili. Unaandika: dai kwamba salio si chini ya sifuri. Programu ikifika hapo inajiuliza kama ni kweli. Ikiwa kweli inapita kimya, na wala hutajua kulikuwa na mtu mlangoni. Ikiwa si kweli, hakuna kinachosogea mpaka deni lielezwe.

Ushauri wa kwanza kwa mpenda amani ni mwepesi: usiandike dai hata moja. Programu isiyo na madai haikatiki ovyo. Salio likiwa hasi litaendelea na safari kama abiria aliyepanda bila nauli. Litaingia kwenye hesabu ya riba, itatoka riba hasi, riba hasi itajumlishwa kwenye taarifa ya mwezi, taarifa itatumwa, na wiki tatu baadaye mkaguzi wa hesabu atapiga simu kuuliza kwa nini ukurasa wa tisa haukubaliani na ukurasa wa pili. Kosa lilifanyika mstari wa 40. Wewe utaanza kulitafuta mstari wa 4,000 na kurudi nyuma kwa magoti. Lakini tazama faida yake: wiki tatu hizo ulilala.

Na utakapoanza kutafuta, tumia njia ya wengi. Chomeka kila mahali mistari ya kuchapisha maneno: nimefika hapa, nimefika hapa 2, nimefika hapa 2b, jamani. Skrini itajaa. Utasoma mistari mia sita ukitafuta mmoja usio wa kawaida, na ukiupata utafuta mistari yote uliyochomeka, isipokuwa mmoja, ambao mteja atauona. Wale wasiopenda amani hufanya kama fundi bomba anayetafuta maji yanakovujia kati ya mita na tenki. Hachimbi mtaro mzima. Anafunga koki ya katikati na kutazama mita: ikiendelea kuzunguka, uvujaji uko upande wa huku, ikisimama, uko upande wa kule. Dai likiwekwa katikati ya programu hufanya kazi ya koki. Likipita, makosa yako mbele yake. Likikwama, yako nyuma. Unagawa tena nusu, na tena. Mistari 4,000 inaisha kwa madai kumi na mawili hivi. Halafu, na hapa ndipo wanapotofautiana na sisi wa kuchapisha, hawayaondoi. Yanabaki pale pale yakingoja kosa lijalo.

Wazo lenyewe si la vijana wa juzi. Juni 24, 1949, Alan Turing alisimama Cambridge kwenye mkutano wa watu wa mashine za kukokotoa, akasoma karatasi fupi kuhusu namna ya kukagua programu ndefu. Mfano wake ulikuwa wa darasa la tatu: kujumlisha kwa safu. Ukipewa jibu tupu, huna njia ya kulikagua ila kurudia hesabu nzima. Lakini mwenye hesabu akiandika jumla ya kila safu na namba aliyobeba, unaweza kuchukua safu moja moja. Turing alitaka mwandishi wa programu naye aache njiani madai yanayoweza kukaguliwa moja moja, ili usahihi wa programu nzima utokane nayo. Mwalimu wangu wa hisabati alikuwa akiandika "onyesha njia" kwa wino mwekundu na kuninyima alama kwa majibu niliyoyapata sawasawa. Sikujua kwamba alikuwa upande mmoja na Turing. Madai ya Turing yalikuwa ya kukaguliwa na mtu mwenye penseli. Kazi hiyo ilikuja kupewa mashine baadaye, nayo ndiyo iliyotuletea usumbufu huu wa saa tano usiku.

Sasa tuseme umekaidi na unataka kuandika dai lako la kwanza. Basi chagua mahali pabaya. Pabaya kuliko pote ni pale programu inapokutana na watu. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alitengeneza programu ya kumsaidia mwenye daladala kujua mapato ya siku. Kwa moyo safi kabisa, akaandika dai kwamba idadi ya abiria haizidi idadi ya viti. Gari lilitoka Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Programu haikufika Mtoni kwa Aziz Ally.

Hesabu yake haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba alidai kwa mtu ambaye hakumkopesha. Daladala haijawahi kumwahidi mwandishi wa programu kwamba itaacha watu kituoni. Dai huwekwa kwa aliyekuahidi, na aliyekuahidi ni programu yako mwenyewe: sehemu ya kupanga orodha iliahidi kuitoa ikiwa imepangwa, sehemu ya kukata ada iliahidi kutomkata mtu mara mbili. Hapo mwekee mdai, tena mkali. Abiria, mteja, faili iliyotoka kwa jirani na mtandao havikuahidi kitu. Mteja akiandika umri wake kwa maneno, "thelathini na ushei", mwombe kwa upole aandike tarakimu. Hiyo ni kazi ya karani wa mapokezi, na karani hazimi jengo zima kwa sababu mgeni mmoja amejaza fomu vibaya.

Ukidhani hili ni la wanagenzi tu, kumbuka BIND. Hii ni programu inayotumiwa na seva nyingi za intaneti kubadili majina ya tovuti kuwa namba za anwani. Imeandikwa na watu makini na kwa makusudi imejazwa madai kila kona. Julai 2015 ikatangazwa kwamba swali moja la aina isiyo ya kawaida, likitumwa na mtu yeyote kutoka popote, lilipenya hadi kwenye dai moja la ndani na kulikwamisha. Dai likafanya kazi yake, likaizima programu. Pakiti moja, seva chini. Mdai alikuwa halali, ila alikuwa ameketi barazani, na kila mpita njia aliweza kumchokoza.

Ushauri unaofuata nimeufanyia majaribio ya kina: mpe mdai kazi za nyumbani. Kwa kuwa amesimama pale bure, mtume. Mwandishi wa lugha ya C anaandika assert(hifadhi(malipo)) na kuona amebana matumizi, maana mstari mmoja unahifadhi malipo na hapo hapo unadai kwamba yamehifadhiwa. Inafanya kazi mezani kwake, kwa mwenzake, na kwenye majaribio yote. Kisha programu inaandaliwa kwenda kwa mteja, na mtu anaongeza neno NDEBUG kwenye amri ya kuitengeneza, neno lililomo kwenye kiwango cha C tangu mwaka 1989, na ambalo huiambia kompaila iwafute wadai wote. Mdai anaondoka, na ndoo ya maji uliyomtuma anaondoka nayo. Malipo hayahifadhiwi tena, na hakuna kosa linaloonekana, kwa sababu aliyekuwa akitangaza makosa ndiye aliyefukuzwa. Ukiwarudisha wadai ili utafute tatizo, tatizo linatoweka. Mimi nililitafuta siku mbili, na siku ya pili nilianza kuulizia habari za waganga.

Ipo aina nyingine tamu zaidi. C hutumia alama moja ya usawa kumaanisha "weka" na alama mbili kumaanisha "linganisha". Andika assert(hali = 1) badala ya assert(hali == 1), nawe utakuwa umempata mdai ambaye kila mdaiwa humwomba Mungu amjalie: anafika, anakuta mfuko mtupu, anautia shilingi kutoka kwake mwenyewe, kisha anatangaza mtaa mzima kwamba umelipa. Hakwami milele. Watu wa Python nao wana wao. Wanaandika dai pamoja na ujumbe wake, halafu kwa adabu wanavizungushia vyote viwili mabano. Lugha inaona fungu lenye vitu viwili ndani, na kwake fungu lisilo tupu ni kweli daima. Salio liwe hasi hata kwa milioni, mdai huyo anakubali tu. Python siku hizi hutoa onyo, lakini onyo hilo hupita kwenye skrini pamoja na mengine arobaini, na wewe mpenda amani unajua la kufanya na maonyo.

Hizo lakini ni hila ndogo. Njia kuu ni kuziba midomo, na hapa watengenezaji wa lugha wametufikiria. Ukiiendesha Python kwa kuongeza -O, madai yote yanarukwa. Java imetupenda zaidi. Ilipopata neno la dai kwenye toleo la 1.4, mwaka 2002, iliamuliwa madai yawe yamezimwa mpaka mtu ayawashe kwa makusudi, kwa kuongeza -ea kwenye amri ya kuendesha programu. Yaani unaweza kuandika madai mia moja, ukayawekea maelezo, ukamwonyesha bosi, na programu ikiwa hewani yakalala usingizi wa pono kwa miaka.

Najua, kwa sababu yangu yalilala.

Niliandika programu ya Java ya chama kimoja cha akiba na mikopo, chama kidogo cha mama lishe na mafundi wa mtaa mmoja. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba fedha huhifadhiwa kwa senti, si kwa shilingi, ili hesabu zisiharibikie kwenye desimali. Ni ushauri mzuri kwa nchi ambayo senti zipo. Nikahifadhi kila kitu kwa senti, ambazo sijawahi kumwona mtu akinunua nazo hata kiberiti, na nikaziweka kwenye namba ya kawaida ya Java, ile ya biti 32. Dari la namba hiyo ni 2,147,483,647. Kwa shilingi hiyo ni bilioni mbili na ushei, na chama kile kisingefika huko mpaka enzi za wajukuu. Kwa senti ni shilingi milioni 21 na laki nne na ushei. Walifika kabla ya Idi.

Sikuwa mjinga kabisa. Chini ya kitanzi cha kujumlisha niliandika assert jumla >= 0, nikajipongeza. Kwenye laptopu yangu mdai alikuwa macho, lakini data zangu za majaribio zilikuwa wanachama kumi wa kubuni wenye akiba ya elfu tano tano. Kwenye kompyuta ya chama programu iliwashwa na faili ya amri niliyoiandika mbiombio siku ya kukabidhi kazi, na kwenye faili hiyo hapakuwa na -ea.

Namba ya Java ikipita dari hailalamiki. Inazunguka na kutokea upande wa pili, kwenye hasi. Siku ya mkutano mkuu mweka hazina alisimama mbele ya wanachama, akakunjua karatasi iliyotoka kwenye printa, akasoma kwa sauti kwamba jumla ya akiba yao ni hasi shilingi 21,449,672 na senti 96. Walikuwa wamechanga milioni 21 na nusu.

"Mwanangu," aliniambia kwenye simu, na nyuma yake nilisikia ukumbi ukichemka, "hela zetu ziko wapi?"

"Zipo zote, mama. Ni kompyuta tu imekosea kujumlisha."

"Kompyuta si ndiyo hii uliyotuletea wewe?"

Baadaye niliambiwa kwamba kilichowakera wengi si zile milioni, ni zile senti 96: mwizi gani huyu anakomba mpaka senti? Marekebisho yalichukua dakika tano, kubadili namba iwe ya biti 64, ambayo hata kwa senti chama kile hakitaijaza. Kurudisha imani kulichukua mikutano mitatu na kreti mbili za soda, kwa gharama yangu.

Tony Hoare, ambaye mwaka 1969 aliweka misingi ya kuthibitisha programu kwa mantiki, aliligusa jambo hili mwaka 1973 kwa mfano wa baharini. Kuzima ukaguzi pale programu inapoingia kazini, alisema, ni kama baharia anayevaa boya akiwa mazoezini nchi kavu na kulivua anapotweka tanga. Aliyewahi kupanda chombo cha kwenda Unguja wakati wa kusi hahitaji kufafanuliwa. Sababu inayotolewa daima ni kasi: madai yanachelewesha programu. Programu yangu ilikuwa inajumlisha watu mia mbili, mara moja kwa mwezi.

Wapo waliopunguza ukaguzi kwa sababu bora kuliko yangu. Juni 4, 1996, kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, iliruka Ariane 5 ya kwanza, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti za mradi wa Cluster. Ndani yake kulikuwa na kompyuta mbili pacha za kupima mwelekeo na mwendo, zikiendesha programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Sehemu moja ya programu hiyo ilichukua namba ya biti 64, inayohusiana na kasi ya kwenda upande, na kuimiminia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo dari lake ni 32,767. Waandishi hawakuwa wazembe. Walipitia kazi yao wakakuta vigeu saba vinavyoweza kumwagika namna hiyo. Vinne wakavikinga. Vitatu wakaviacha wazi, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imewekewa mpaka wa kutumia asilimia 80 tu ya nguvu zake, na kwa kuwa walikuwa na hoja: namba hizi haziwezi kufika huko. Hoja ilikuwa ya kweli, kwa Ariane 4.

Ariane 5 ilijipatia kasi ya upande upesi mara tano zaidi. Karibu sekunde ya 30 tangu kuruka, namba ikapita dari. Kompyuta ya akiba ikazimika, na kufumba na kufumbua ile kuu ikaifuata kwa sababu ileile, maana pacha wa programu moja hukosea pamoja. Ilipokuwa ikizimika ilituma maelezo ya hitilafu yake, na kompyuta iliyokuwa ikiiongoza roketi ikayasoma maelezo hayo kana kwamba ni habari za safari. Ikapinda midomo ya injini hadi mwisho ili kusahihisha upotovu ambao haukuwapo. Roketi ikakatika na kujilipua. Linalouma kuliko yote ni kwamba sehemu ile ya programu, roketi ikisharuka, haikuwa na kazi yoyote. Iliachwa iendelee sekunde 40 hivi kwa mazoea ya Ariane 4.

Mwaka uliofuata Bertrand Meyer, mtunzi wa lugha ya Eiffel, ambamo kila kipande cha programu huweza kuandikiwa mkataba wa kinachodai na kinachoahidi, alitoa makala pamoja na Jean-Marc Jézéquel. Walisema hitilafu kubwa ilikuwa mkataba usioandikwa. Ile hoja ya "haiwezi kufika huko" haikuwapo kwenye mstari wenyewe, mahali ambapo mrithi wa programu angeiona.

Hapa mpenda amani atanibana, na ana haki. Dai lingesaidia nini angani? Si lingezima kompyuta vilevile? Lingezima. Hata zile zilizimwa na ukaguzi: lugha ya Ada iliona namba haiingii ikapiga kelele, na kanuni iliyowekwa ilisema kelele yoyote maana yake chombo kimeharibika, kizimwe. Thamani ya dai ingekuwa ardhini. Mtu aliyeketi mezani akiichukua programu ya Ariane 4 angekuta mstari unaosema kasi hii haivuki kiasi hiki, angesita, angeuliza. Au dai lingekwama kwenye majaribio, kama majaribio yangefanywa kwa takwimu za njia halisi ya Ariane 5. Hayakufanywa.

Kwa hiyo hili siwezi kulifanyia mzaha. Kukatika papo hapo ni tabia njema programu ikiwa mezani kwako. Ikiwa kimo cha kilomita nne, au wodini kwenye mashine ya kupumulia, lazima mtu awe ameamua mapema nani atashika usukani mdai akianza kelele. Tume iliyochunguza ajali ile, chini ya Jacques-Louis Lions, ilishauri kwamba vifaa vya kupimia visiache kutuma makadirio bora vinavyoweza. Mdai apige kelele, lakini asing'oe usukani.

Tena mdai ana upofu wake. Anajua kuhesabu, Kiswahili hakijui. Niliwahi kuikuta programu ya kuwakumbusha wagonjwa siku ya kliniki. Saa ya miadi ilikuwa imedaiwa iwe kati ya 0 na 23, kama vitabu vinavyofundisha. Msajili akaandika 2, kwa sababu mgonjwa aliambiwa aje saa mbili asubuhi. Mbili ni kubwa kuliko sifuri na ndogo kuliko 23. Fomu ikaridhika, mdai akaridhika, na simu ya mzee wa watu ikalia saa nane usiku ikimhimiza awahi kliniki. Tena akawahi. Mlinzi alimpa kiti. Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa ugonjwa wa ukoo huo: programu moja ilitoa msukumo wa injini kwa vipimo vya pauni, nyingine ikazisoma namba hizo kana kwamba ni vya newton. Namba zote zilikuwa namba halali. Dawa ya kliniki ilikuwa dai jembamba zaidi, kwamba hakuna miadi kabla ya mlango kufunguliwa, lakini dai hilo haliandikwi na mtu ambaye hajawahi kupanga foleni pale.

Limebaki la ujumbe. Lugha nyingi hukuruhusu kuambatanisha dai na maneno machache ya kuchapishwa likikwama, na waandishi wengi, kwenye pembe ya programu wanayoamini haitafikiwa kamwe, huandika neno moja: Haiwezekani. Nami niliandika. Mwaka mmoja baadaye akanipigia mhudumu wa kaunta wa mteja wetu mmoja.

"Kaka, mashine inasema haiwezekani. Nimwambie mteja nini?"

"Haiwezekani nini?"

"Haijasema."

Siku hizi naandika akaunti ipi, namba niliyoikuta na namba niliyoitarajia. Ujumbe unakuwa mrefu na mbaya, na simu zinakuwa fupi.

Kama una programu ya Java iliyo hewani leo, fungua faili ya amri inayoiwasha uangalie kama kuna -ea. Usiende kwa kumbukumbu. Mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba niliiandika.